Hesabu Isisubiri Darasa la Kwanza

Anayeandika kwamba mtoto wa awali atoshelezwe na herufi, hesabu zije darasa la kwanza, hajakaa Lupaso, wilayani Masasi, msimu wa korosho. Huko mtoto huona fungu lipi limepunjwa kabla hajaijua "a". Mwaka 2007 mtafiti Greg Duncan na wenzake walichambua takwimu za Marekani, Uingereza na Kanada: hesabu anazoingia nazo mtoto shuleni zilitabiri ufaulu wake wa baadaye vizuri zaidi kuliko hata kusoma. Kutabiri si kusababisha, sawa. Lakini hoja ya kusubiri haina hata ushahidi wa namna hiyo. Walimu wa Masasi na Newala, wamwagieni watoto korosho sakafuni, wahesabu, wagawane, wabishane. Kuimba moja hadi ishirini hakutoshi.