Kodi Iliyozikwa Mwaka 1982

Ndugu mwananchi, mwaka 1982 Bunge letu lilifanya mambo mawili: lilitunga kifungu 2A kilichotufunga katika chama kimoja, na likafuta kodi ya mirathi. La kwanza tulilipinga hadi likang'olewa Desemba 1991. La pili lingali sheria.

Kodi ya faida itokanayo na mauzo ya mali, iliyosimamishwa mwaka 1985, ilirejeshwa 2015. Lakini mali ipitayo kutoka kwa marehemu kwenda kwa warithi wake haiguswi. Hivyo mrithi wa maelfu ya ekari hupokea bila kutoa senti, ilhali muuza mboga hutozwa asilimia 16 kwa kila mche wa sabuni anunuao.

Mabwana wakubwa hutusukumia mbele mjane wa ekari mbili. Mjane huyo twamjua. Ndisi tumwandikiao hati za mirathi mahakamani. Na asamehewe, kiwango cha msamaha kiandikwe ndani ya sheria yenyewe. Tunaowadai ni wenye mashamba yasiyoonekana mwisho. (Ardhi ya umma iliyonyakuliwa, ile ya ripoti ya Ndung'u ya 2004, hiyo haitozwi kodi: hurudishwa.)

Twataka mswada uletwe Bungeni, na kila mbunge apige kura kwa kutajwa jina.