Kinga ya tarakilishi si programu pekee, adui hupitia ubavuni

KILIMA cha Salaita, kilicho kando ya barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta, kina funzo ambalo kila mwenye tarakilishi nyumbani angefaa kulitafakari.

Tarehe 12 Februari 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Uingereza, yakiwemo ya Afrika Kusini, yalikishambulia kilima hicho na kutimuliwa na majeshi ya Wajerumani yaliyokuwa yamejichimbia mahandaki. Mwezi uliofuata, Wajerumani walikihama wenyewe. Vikosi vya Jenerali Jan Smuts vilikuwa vimezunguka kwa upande wa kaskazini, karibu na Ziwa Chala, na ngome iliyowashinda watu mwezi Februari ikawa haina kazi tena.

Tarakilishi nyingi katika nyumba zetu leo ziko katika hali hiyo hiyo. Mbele zina ngome, ubavuni ziko wazi.

Swali ambalo wanunuzi huwauliza wenye maduka, iwe ni Voi, Mwatate au Taveta, ni lile lile la miaka yote: Je, ninunue programu gani ya kukinga virusi? Ni swali la haki, lakini limetangulizwa mahali pasipofaa. La kwanza linalostahili kuulizwa ni iwapo mfumo wenyewe unaoendesha tarakilishi bado unatunzwa na waliouunda.

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo wa Windows 10. Waliotaka kuendelea kuyapokea walitakiwa kujisajili katika mpango wa ziada, uliotangazwa kuwa wa mwaka mmoja kwa watumiaji wa nyumbani, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kuhamia Windows 11 ni bure kwa mwenye leseni halali, ila mfumo huo hukataa rasmi tarakilishi nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka wa 2018, kwa kukosa kifaa maalumu cha usalama na kichakataji kinachokubalika.

Hapa ndipo mwananchi wa kawaida anapobanwa. Tarakilishi nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu nchini ni zile zilizotumika ng'ambo kisha zikaletwa huku. Tuchukue mfano wa mwalimu anayeishi Salaita, aliyejinyima miezi kadhaa akanunua kipakatalishi cha aina hiyo. Kwake mashine ni mpya. Kwa waliouunda mfumo wake, imekwisha kustaafu.

Jambo linalotatiza zaidi ni kwamba alama ya kinga ya virusi katika mashine hiyo huenda isimwonye. Microsoft ilitangaza kuwa programu yake ya kukinga virusi, Microsoft Defender, itaendelea kupata orodha mpya za virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Kwa hivyo mwalimu wetu ataona alama ya kijani ikimwambia kuwa virusi vinasakwa kama kawaida, ilhali nyufa zinazogunduliwa katika mfumo wenyewe hazizibwi. Mlinzi yuko langoni na orodha ya wezi mkononi, lakini ukuta wa nyuma unabomoka.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta, walisema wahenga, na ulimwengu ulilishuhudia hilo mnamo Mei 2017. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga faili za watu katika nchi nyingi na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Marekebisho ya kuziba ufa uliotumiwa yalikuwa yametolewa na Microsoft mwezi Machi mwaka huo huo, miezi miwili kabla ya shambulio. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuwa wameyaweka, au waliokuwa wakitumia mifumo iliyozeeka.

Baada ya kuhakikisha mfumo unatunzwa, ndipo tuje kwenye uteuzi wa programu. Katika miaka ya 2000 ilikuwa lazima kutafuta kinga kando, kwa kuwa Windows ya wakati huo haikuja na kinga kamili. Hali imebadilika. Defender huja ndani ya mfumo bila malipo, na katika majaribio ya maabara huru kama AV-TEST ya Ujerumani, kwa miaka kadhaa sasa imekuwa ikipata alama zinazokaribiana na za programu za kulipiwa. Kwa mahitaji ya kawaida ya nyumbani, inatosha. Anayenunua nyingine aelewe kuwa aghalabu analipia nyongeza, kama vile udhibiti wa kile watoto wanachotazama au hifadhi ya nywila. Asiweke programu mbili za kusaka virusi zifanye kazi kwa pamoja, kwani huzuiana na kuilemea mashine.

Lakini mlinzi naye huhitaji kuchunguzwa. Mnamo Februari 2024, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kuwa kampuni ya Avast, ambayo programu yake ya bure imependwa duniani kote, ingelipa dola milioni 16.5 kufuatia madai kuwa ilikusanya na kuuza habari za tovuti zilizotembelewa na wateja wake. Watu walikuwa wameiweka ili iwakinge dhidi ya majasusi. Juni mwaka huo, serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa programu za Kaspersky ya Urusi kwa sababu za usalama wa taifa, madai ambayo kampuni hiyo ilikanusha. Marufuku hayo hayaifungi Kenya, ila yanaonyesha kuwa programu ya aina hii hupewa ruhusa ya kuona kila kitu ndani ya mashine, na hivyo anayeiunda lazima awe wa kuaminika.

Kuhusu programu za kijasusi, zile zinazonakili kila herufi unayopiga na kuituma kwa mtu mwingine, methali inatutosha: kikulacho ki nguoni mwako. Uchunguzi wa watafiti wa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, ulioripotiwa Septemba 2025, ulisema kuwa programu ya kijasusi ya FlexiSPY iliwekwa katika simu za watengenezaji filamu wawili Wakenya wakati simu hizo zilikuwa mikononi mwa polisi. Hayo ni madai mazito yanayohitaji majibu. Kwa mtumiaji wa kawaida, funzo ni kwamba anayekishika kifaa chako, kikiwa kimefunguliwa, hahitaji kuvunja mlango.

Na ni nani hushika tarakilishi zetu? Ni fundi. Wengi wao ni waaminifu, lakini kuna mazoea moja yanayopaswa kukomeshwa. Mteja akitaka Windows au programu ya kuandikia bila kulipia leseni, huwekewa nakala haramu pamoja na kijiprogramu cha kuidanganya mashine kuwa leseni ipo. Ili kijiprogramu hicho kifanye kazi, mara nyingi kinga ya virusi huzimwa kwanza. Baada ya hapo hakuna ajuaye kingine kilichoingia kupitia mlango huo. Mteja huyo akienda kununua antivairasi ya bei ghali, atakuwa anaweka kufuli baada ya mgeni kulala ndani.

Njia halali ipo hata kwa asiye na pesa. Mifumo kama Ubuntu na Linux Mint hutolewa bure, hupokea marekebisho, na hufanya kazi vyema katika mashine nyingi ambazo Windows 11 inazikataa. Inahitaji siku chache za kuizoea. Juu ya hayo, nakala ya vyeti na picha iwekwe katika diski inayochomolewa baada ya kutumiwa, nywila ya baruapepe isitumiwe kwingine, na tangazo linaloruka kwenye skrini likidai eti limeona virusi vitano lifungwe bila kubonyezwa.

Hata hivyo, si haki mzigo huu wote aachiwe mwananchi. Mnamo Juni 2023, serikali ilizindua rasmi huduma zaidi ya 5,000 kupitia eCitizen. Ushuru hulipwa mtandaoni, mkopo wa chuo huombwa mtandaoni, pasipoti vivyo hivyo. Serikali iliyomlazimisha mkazi wa Salaita kuingia mtandaoni haiwezi kumwachia yeye peke yake kazi ya kujilinda huko. Mamlaka ya Mawasiliano imekuwa ikitaja katika taarifa zake kuwa mifumo isiyowekewa marekebisho ni miongoni mwa sababu za mashambulizi. Ikiwa ugonjwa unajulikana, dawa ipelekwe mashinani. Taita Taveta ina chuo kikuu chake mjini Voi. Wanafunzi wa teknolojia wakisaidiwa na kaunti kuzuru masoko siku chache kila muhula, wakikagua mashine na kuweka mifumo halali ya bure, gharama itakuwa ndogo kuliko hasara ya familia moja iliyoibiwa akiba yake.

Hadi hapo, mwenye tarakilishi asiridhike na alama ya kijani. Kabla ya kutoa pesa dukani, afungue mipangilio ya mashine yake na kutazama ni lini ilipokea marekebisho ya mwisho.