Kiyoyozi cha Oman na joto la Kilwa

Wiki tatu zilizopita alinipigia simu baba mmoja wa Kikole, huku kwetu Kilwa. Hatujuani. Namba yangu aliipata kwa shemeji yake anayesoma safu hii kwenye simu. "Dada mwandishi, mimi siumwi," alianza, "nina swali la mashine."

Mtoto wake wa pili ana miezi minane. Tangu joto lianze kupanda, shingo na mgongo vimejaa harara, usiku halali, na asipolala yeye halali mtu nyumba nzima. Hela ya ufuta bado haijaisha. Dada yake aliyeolewa Ibra, Oman, amemshauri asinunue kiyoyozi cha madukani huku. Atamtumia cha kule, "cha jangwani", chenye alama ya T3, ambacho hakifi. Baba akataka kujua kama huo ni ukweli au ni maneno ya biashara.

Ni ukweli, ila ni ukweli wa Ibra.

Alama hiyo si ujanja wa wauzaji. Viyoyozi hupimwa kwa viwango vya kimataifa: chenye alama ya T1 hupimwa hewa ya nje ikiwa nyuzi joto 35, cha T3 ikiwa nyuzi 46. Kiangazi cha Oman ya ndani hupita nyuzi 45 mchana, na mashine ya T1 kule hutweta hadi ikazima. Kwetu, mchana mkali wa Februari mara nyingi huishia nyuzi 30 na kitu. Kinachotutesa sisi ni unyevu. Jasho linatoka lakini halikauki, na ngozi ya mtoto mchanga inaziba, ndipo harara zinapotokea. Kiyoyozi cha T3 hakitaharibu kitu kikifika Kikole, ila utakuwa umelipia nguvu ambayo hutaitumia, na kuhusu yale yanayoua mashine huku kwetu alama hiyo haisemi neno.

Na hapo hapo niseme juu ya zile feni za maji, zinazojazwa maji na barafu na kuuzwa kama "kiyoyozi cha bei nafuu". Penye hewa kavu zinafaa kweli, kwa sababu maji yanapokauka huchukua joto. Huku hewa imeshajaa maji. Ukiiwasha chumbani umefunga madirisha, baada ya saa moja chumba kinakuwa kama jikoni makande yakichemka, na baada ya miezi ukuta unaota ukungu. Kwa mtoto mwenye pumu huo ukungu ni balaa.

Kinachoua viyoyozi vya pwani nimekiona kwa bibi yangu, Kilwa Masoko. Wajukuu tulichanga, tukamnunulia kikubwa kuliko vyote tulivyoonyeshwa. Mashine ya nje tukaifunga ukuta unaotazama bahari, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Mwaka wa tatu yale mabati membamba ya nyuma, yaliyopangana kama kurasa za daftari, ukiyagusa yanamomonyoka. Chumvi ilikuwa imeyala. Gesi ikawa inavuja, fundi anajaza, inavuja tena. Na hata kabla ya hapo Bibi alikuwa akilalamika kwamba chumba ni baridi lakini shuka zina majimaji. Tulidhani ni uzee. Kumbe kiyoyozi kikubwa kwenye chumba kidogo hupoza haraka, kinazima kabla hakijanyonya unyevu, na unabaki na baridi ya pangoni. Chumba cha kawaida cha kulala, tuseme mita tatu kwa nne, BTU 9,000 zinatosha. Muuzaji akikusukumia 18,000, mwulize atakulipia umeme?

Kwa hiyo mkazi wa Masoko, Kivinje au Lindi mjini anaponunua, aulize kwanza kama yale mabati ya mashine ya nje yamepakwa kinga ya chumvi na kama mabomba yake ni ya shaba. Shaba ikitoboka fundi wa kawaida anaichomelea, alumini inawashinda wengi. Aifunge upande ambao upepo wa bahari hauipigi moja kwa moja, kwenye kivuli lakini isizibwe, na kila baada ya wiki chache aizime kabisa kwenye swichi kuu, aioshe kwa maji baridi ya bomba. Hili la mwisho halina gharama na ndilo hakuna anayelifanya.

Kikole si ufukweni, chumvi si adui mkubwa huko. Kuna vumbi, kuna sisimizi na mijusi wanaojipenyeza kwenye boksi la nje na kuunguza bodi ya umeme, na kuna umeme wenyewe, unaokatika na kurudi kwa kishindo. Kompresa haipendi kuwashwa papo hapo baada ya kuzimika. Kile kifaa cha kulinda umeme, kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu mashine iwake, kihesabu kama sehemu ya bei ya kiyoyozi. Kiyoyozi pia kinataka waya wake chenyewe kutoka kwenye breka yake, na kinataka waya wa ardhini. Kisichomekwe kwenye kebo ya kurefushia ambayo tayari ina televisheni na pasi.

Tena kuna swali la fundi. Mei 2024, baada ya mvua na kimbunga Hidaya, barabara ya Kusini ilikatika maeneo ya Somanga na watu wakakwama pande zote mbili. Hilo ni tukio kubwa, lakini hata siku za kawaida kipuri kinachosubiriwa kutoka Dar es Salaam kinakuja na basi, na kipuri cha mashine iliyonunuliwa Oman kinakuja na nani? Kabla hujachagua jina la kampuni, tafuta fundi wa Nangurukuru au Masoko, umwulize ni aina gani anazofungua kila mwezi na vipuri vyake anavipata wapi. Jibu lake ndilo dhamana yako halisi.

Wengi mtaniuliza kuhusu inveta. Ni mashine inayopunguza mwendo chumba kikishapoa badala ya kuzima na kuwaka, kwa hiyo inaokoa umeme na inavuta unyevu vizuri zaidi. Ubaya wake ni hiyo bodi, ni ghali na inaungua umeme ukiyumba. Mimi ningechukua inveta kama fundi wa karibu anaijua, na kifaa cha kulinda umeme kipo. Kama fundi anakuna kichwa, chukua ya kawaida. Ya mtumba yenye gesi ya R-22 iache, hata ukipewa kwa bei ya kutupwa. Gesi hiyo inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal, na nchi zinazoendelea zinatakiwa kufikia 2030 ziwe zimeiacha, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Angalia kibandiko: R-32 au R-410A.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo iliyomnyamazisha baba wa Kikole kwenye simu. Feni ya wati 70, ikizunguka saa tisa kila usiku, inakula kama uniti 19 kwa mwezi. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 9,000, kinachovuta kama wati 900 na kompresa yake ikifanya kazi theluthi mbili ya muda, kinakula kama uniti 162. Aliye kwenye kundi la watumiaji wadogo wa majumbani, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akihamia kundi la kawaida ni shilingi 292. Feni ni kama shilingi 1,900, kiyoyozi ni zaidi ya 47,000, na tena friji na taa zilizokuwa za bei ya chini zimepanda naye. (Gesi ya Songo Songo inatoka baharini kwetu hapa Kilwa, na mwaka 2004 ilianza kuwaka Ubungo kuwapa umeme watu wa Dar. Luku haitupunguzii kwa ujirani.)

Nikamwuliza: nyumba ina dari? Haina. Bati, halafu kitanda. Basi kiyoyozi kingekuwa kinapoza bati, na bati halipozeki. Dari ndiyo ya kwanza kununuliwa, hata ya mbao nyembamba. Kisha feni. Shirika la Afya Duniani linatahadharisha kwamba joto likipita nyuzi 40 feni inaweza kumwongezea mtu joto badala ya kumpoza, ndiyo maana Ibra wanahitaji kiyoyozi kweli kweli. Kwetu hatufiki huko, feni inakausha jasho na mtoto anapoa.

Kwa harara zenyewe: mwogeshe kwa maji ya kawaida yasiyo moto, mkaushe mikunjo ya shingo, mvalishe pamba nyepesi au mwache na nepi tu mchana. Poda acha. Inaziba ngozi, na vumbi lake linaingia kifuani.

Ukishafunga kiyoyozi, weka nyuzi 25 au 26 na upepo usimpige mtoto usoni. Chandarua kibaki, mbu wa malaria hajali baridi yako. Maji yanayodondoka kutoka kwenye bomba la nje yasituame kwenye ndoo au kifuu, humo ndimo anamozaliwa mbu wa dengi. Safisha chujio kila mwezi.

Na jambo ninalowaomba akina mama na mabibi wa pwani mnisikilize: chetezo. Chumba cha mzazi tumezoea kukifukiza ubani na udi. Zamani hewa ilitoka juu ya ukuta na kwenye makuti. Chumba cha kiyoyozi kimezibwa kila upande, na mkaa unaofuka ndani yake hutoa gesi isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Jiko la mkaa, chetezo na jenereta, vyote vikae nje. Ukitaka harufu, fukiza milango ikiwa wazi, toa chetezo, kisha ndipo ulaze mtoto.

Mtoto mwenye mwili wa moto usimpeleke mbele ya kiyoyozi ukasubiri. Huku kwetu homa ni kipimo cha malaria siku hiyo hiyo. Akikataa kunyonya, akalegea, nepi ikakaa kavu muda mrefu au utosi ukabonyea, ni kituo cha afya sasa hivi, si kesho.

Jumapili baba wa Kikole alinitumia picha. Seremala yuko juu ya ngazi, nusu ya dari imeshafungwa, feni inaning'inia ikisubiri waya. Kiyoyozi amekisogeza hadi msimu ujao wa ufuta, na dada yake wa Ibra ameambiwa atume hela badala ya boksi. "Harara za shingoni zimekauka," aliandika. "Mgongoni bado."