Jina la Bidhaa ni Mali

Anayechanganya vileo nyumbani, atakapo vamuthi tamu, yaani divai iliyotiwa pakanga na viungo, husoma kwanza kibandiko cha chupa. Yasimuliwa kwamba Antonio Benedetto Carpano aliianzisha mjini Turin, Italia, mwaka 1786. Sifa ya mji ikaenea, na wengi wakaiiga. Ndipo mwaka 2017 Serikali ya Italia ilipoamuru kwamba jina "Vermouth di Torino" litumike kwa ile tu itengenezwayo mkoani Piemonte.

Miongoni mwa viungo vya vamuthi mara nyingi huwemo karafuu. Je, mnywaji huambiwa imetoka wapi? Jina lisilolindwa halimwongezei mkulima hata senti. Hapana budi wahusika walilinde jina la karafuu ya Unguja na Pemba kwa sheria, hapa na ng'ambo.