Shosho awe mwalimu, si picha

Watu wangu wa Siakago, tuambiane ukweli. Kuna vyuo vinavyowaunganisha wanafunzi wa ualimu na wenzao wa ng'ambo kwa video, wafundishane sanaa. Poa sana. Lakini tukionyesha kiondo kwa kamera, halafu darasani tuwaagize wazazi manila na gundi za dukani, ya nini? Mkonge uko kwenye ua. Shosho anayejua kusuka anaishi nyuma ya shule.

Mfano tunao. Elimo Njau, Mtanzania, alisomea Makerere, Uganda. Miaka ya 1950 akachora kuta za kanisa Murang'a, si mbali na hapa: Yesu Mwafrika, katika mazingira yetu. Nchi tatu, na Mkristo wa kijijini akajiona ukutani.

Kwa hivyo mwanafunzi wa Kigari akiongea na mwenzake wa Uingereza, shosho akae mbele ya hiyo simu kama mwalimu, na alipwe. Na wao watuonyeshe nyanya zao husuka nini. Hapo ndipo tutakuwa tumeshirikiana.

Shosho yako alikufundisha kutengeneza nini? Niandikie hapo chini.