Hatua kwa Hatua, hadi Lini? Wajibu wa Kenya na Haki za Mlalahoi

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni mnamo Mei 1, 1972, yapata miaka minne kabla ya mkataba wenyewe kuanza kutumika. Kwa miongo mitatu na ushei ahadi hiyo ilikaa kabatini. Ni Katiba ya 2010 iliyoitoa humo: Kifungu cha 2(6) kikaifanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria za nchi, nacho Kifungu cha 43 kikaorodhesha haki ya afya, makazi, chakula, maji safi, elimu na hifadhi ya jamii.

Pamoja na hayo, serikali ilibakishiwa kichaka cha kujifichia. Kifungu cha 21 kinasema kwamba haki hizi zitatimizwa hatua kwa hatua. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji wakili kumfafanulia kauli hiyo. Hatua hupigwa kwa mguu. Asiyesogea hajapiga hatua, hata akikariri neno hilo mchana kutwa. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ilikwisha kueleza mwaka 1990 kwamba hatua hizo sharti ziwe za makusudi na za wazi, na kwamba kipo kiwango cha chini ambacho hakuna dola inayoruhusiwa kukikiuka kwa kisingizio cha kukua polepole. Isitoshe, Kifungu cha 20(5) cha Katiba kinaitwika serikali mzigo wa kuthibitisha kuwa haina uwezo. Mwenye njaa hatakiwi kuthibitisha kuwa hazina ina fedha.

Yaliyowafika wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, yanaonyesha umbali uliopo baina ya maandishi na maisha. Septemba 2011 walipewa ilani ya siku saba, tena kupitia magazetini. Walikwenda mahakamani wakapata amri ya kusitisha ubomoaji. Hata hivyo, Novemba mwaka huo huo nyumba zao zikabomolewa. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 2013, Mahakama ya Rufani ikaipangua hukumu hiyo mwaka 2016, na hatimaye Mahakama ya Juu ikaamua Januari 11, 2021 kwamba hata asiye na hatimiliki aweza kuwa na haki ya makazi inayolindwa katika ardhi ya umma. Kisha kesi ikarudishwa Mahakama Kuu ili fidia na nafuu nyingine ziamuliwe. Miaka tisa na zaidi! Mtoto aliyekuwa akinyonya siku ya ubomoaji alikuwa amekwisha kusoma madarasa kadhaa.

Lipo jambo jingine ambalo wanasheria hulipita haraka mno. Hukumu hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, katika kifungu cha 86, inakitaja Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufani; Kiswahili kinaruhusiwa katika mahakama za chini tu. Hata Katiba yenyewe inatamka katika Kifungu cha 259(2) kwamba matoleo ya lugha mbalimbali yakigongana, toleo la Kiingereza ndilo litakaloshinda. Ajabu ni kwamba ni Katiba hiyo hiyo iliyokitawaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Haki za kitamaduni, ambazo aghalabu huchukuliwa kama mapambo ya sikukuu, zinaanzia hapa: raia asiyeielewa lugha ya hukumu atadai vipi utekelezaji wake?

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Dai hilo limepungua nguvu tangu 2021, Tanzania ilipobadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zake. Istilahi huzaliwa na matumizi, na matumizi husubiri amri. Bunge la Kenya linaweza kukirekebisha kifungu cha 86, nazo ilani za kuwahamisha watu zikatolewa kwa lugha wanayoisoma wahamishwao. Kwa upande wao, madarasa ya tafsiri katika vyuo vikuu yana kazi isiyohitaji kungojea Bunge, na hukumu ya Mitumba yafaa kuwa zoezi la kwanza.