Ujazo wa Tangi na Uvivu wa Penseli

Limeenea kwetu Kemambo neno ambalo hatuwezi kulinyamazia. Wazazi wengine, na hata walimu wenzetu, husema ya kuwa hakuna haja tena ya kumsumbua mtoto kwa hesabu za ujazo, maana kompyuta huzimaliza kwa kufumba na kufumbua. "Mgodini," wasema, "vijana huchora kwa kompyuta, nani huko ashikaye penseli?" Sisi twalikana neno hilo, na shahidi wetu ni tangi.

Kijana mmoja aliyejifunza kuchora kwa kompyuta aliombwa na wazee wa kanisa achore tangi la zege la kukingia maji ya mvua. Akachora vizuri, tusimnyime sifa yake: upana wa ndani mita 3, kimo cha ndani mita 2, ukuta na sakafu unene wa sentimita 15. Wazee wakauliza litachukua maji kiasi gani. Akabonyeza mahali pa ujazo, akasoma: mita za ujazo 4.25. Wakaandika lita 4,250, wakaanza kunung'unika ya kuwa ni dogo, na lichorwe jingine kubwa mara tatu, fedha ziombwe tena kwa Wakristo.

Ndipo mwalimu wa darasa la sita akatwaa penseli. Nusu ya upana ni 1.5, aliizidisha kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa kimo cha 2. Akapata mita za ujazo 14 na kidogo, yaani lita zaidi ya 14,000.

Je, kompyuta ilisema uongo? Hata kidogo. Iliulizwa habari za kitu kilichochorwa, nacho ni zege. Nafasi iliyo wazi ndani haimo katika kitu hicho. Ile 4.25 ni zege la kumimina, hesabu ambayo fundi aihitaji sana aendapo kununua saruji. Aliyekosa ni yule aliyesoma jibu bila kujua swali.

Msomaji wa Biblia angeweza kulitambua jambo hili. Katika Wafalme wa Kwanza sura ya 7, bahari ya shaba ya Sulemani imeandikwa upana wake mikono 10 na kimo chake mikono 5. Unene wake umetajwa peke yake, na kiasi cha maji yake, bathi 2,000, peke yake. Mwandishi yule hakuchanganya shaba na maji.

Tena programu hizi hazina macho. Umbo likiwa limefumwa kwa pembetatu ndogo ndogo, mashine huchukua kila pembetatu pamoja na nukta moja, huifanya piramidi, hujumlisha zote na kutoa zilizo upande wa pili. Ngozi ya umbo ikiachwa na tundu, hesabu haina maana, kama mtungi uliotoboka. Na mchoro wa milimita ukisomwa kana kwamba ni wa sentimita, ujazo haukosewi mara 10, bali mara 1,000. Uzito nao? Programu nyingine, usipoitajia chuma, hukadiria uzito wa maji, na chuma ni kizito karibu mara 8.

Twarudi mgodini, kwa kuwa ndiko wanakotuelekeza. Mgodi wa North Mara ulianza kazi mwaka 2002, na shimo la Gokona na la Nyabirama twayajua. Katika migodi, wapimaji huupima uso wa ardhi kabla na baada, na mashine hutoa tofauti. Vema. Lakini mtoto wetu akiona lundo la mawe mfano wa pia, nusu ya upana wa chini mita 10 na kimo mita 6, na ajue bila mashine ya kuwa ni kama mita za ujazo 628. Karatasi ikisema 6,280, atasimama aulize. Asiyejua ataketi, ingawa ardhi ni ya babu zake.

Anayebisha na alete boliti moja. Aichore, aisome ujazo wake, kisha aitumbukize katika chombo kilichojaa maji hadi ukingoni, apime yaliyomwagika: kila mililita ni sentimita moja ya ujazo. Chombo tutaleta sisi.